Maudhi Madogo Madogo

Bibi yangu alizikwa Muheza mwaka 2023, siku ya Ijumaa baada ya swala, na mimi sikulia. Si kwamba nilijizuia. Nilikaa kwenye mkeka na mama na mashangazi, khanga kichwani, nikayasubiri machozi kama unavyosubiri basi ambalo kila siku hupita saa ileile. Hayakuja. Huzuni ilikuwepo, niliiona, lakini ilikuwa kama mtu aliye upande wa pili wa kioo cha dirisha la benki: midomo inacheza, sauti haifiki. Na huyu ndiye aliyenilea mpaka darasa la nne. Shangazi mmoja alinitazama kwa muda, kisha akamwambia mama kwa sauti ya chini iliyokusudiwa nisikie: "Huyu mtoto ana macho makavu."

Mama alimjibu kwamba ninaumwa. Jibu lile lilikuwa kweli, na halikuwa kweli. Ugonjwa wenyewe, sonona iliyonilaza miezi minne mwaka 2018, ulikuwa haujanirudia kwa miaka mitano. Miaka hiyo yote, kila asubuhi baada ya chai, nilimeza fluoksetini. Naamini dawa hiyo ni sehemu ya sababu iliyonifanya niwe hai kufika msibani. Ninashuku pia kwamba ni sehemu ya sababu iliyonifanya nisilie.

Nesi aliyenikabidhi pakiti ya kwanza aliniambia, "Mwanzoni kutakuwa na maudhi madogo madogo, usiache." Aliyewahi kwenda kliniki ya uzazi wa mpango, au kumsindikiza ndugu anayeanza dawa ya muda mrefu, anayajua maneno hayo. Ni maneno ya huruma. Yametungwa ili mgonjwa asiitupe dawa jalalani wiki ya kwanza, na kwangu yalifanya kazi: kichefuchefu kilikuja na kuondoka, usingizi ulivurugika ukatulia. Kilichonishinda ni kwamba hayakuniandaa kwa yanayokuja mwaka wa tatu au wa tano, wakati hakuna tena nesi anayeuliza. Hamu ya mwili iliyofifia taratibu mpaka nikasahau kwamba ilikuwepo. Jasho la usiku. Na lile la msibani, ambalo sikujua kama ni la dawa, la umri, au ndivyo nilivyo. Yote haya bado ni maudhi? Bado ni madogo?

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kutafuta vitabu. Makala hii ni kuhusu nilichokisoma, na kuhusu uamuzi niliokuwa nautafuta ndani yake.

Vitabu vya sonona na dawa zake, hasa vya Marekani, ni vingi, na vingi vina umbo moja: mtu anazama, anapata dawa, anaibuka, kitabu kinakwisha. Ni umbo la ushuhuda wa kanisani. Kinachofuata, yaani miaka ya kumeza kidonge ukiwa mzima, hakina mahali pake, kwa sababu mtu mzima anayemeza kidonge kila asubuhi hana kisa cha kusimulia.

Kitabu kilichoanzisha mjadala mkubwa kilikuwa cha daktari, si cha mgonjwa. Peter Kramer, mtaalamu wa magonjwa ya akili, alichapisha Listening to Prozac mwaka 1993, miaka michache baada ya fluoksetini kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987 na kuanza kuuzwa kwa jina hilo la Prozac. Mgonjwa wake anayekumbukwa zaidi anaitwa Tess. Alipona kwa dawa, akaiacha, na baada ya miezi kadhaa akarudi kwa daktari akilalamika kwamba hajisikii kuwa yeye mwenyewe. Kramer anashangaa, na sisi tunashangaa naye: mwanamke huyu aliishi miaka mingi bila dawa na miezi tu akiwa nayo, lakini anayemwita "mimi" ni yule wa miezi michache. Ni swali zuri sana. Udhaifu wake ni kwamba limeulizwa na aliyekaa upande wa pili wa meza. Kramer anaweza kulifurahia kama fumbo la falsafa. Tess ndiye anayerudi nalo nyumbani.

Kwa hiyo nilipomfikia Lauren Slater nilihisi nimefika kwa mtu wa kwetu, ingawa ni Mmarekani wa Massachusetts na maradhi yake hayakuwa yangu hasa. Slater ni mwanasaikolojia. Alikuwa amelazwa hospitali mara kadhaa tangu ujana, na mwaka 1988 alianza Prozac, akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuimeza. Prozac Diary kilitoka mwaka 1998. Hesabu hiyo ya miaka kumi ndiyo thamani ya kitabu. Kupona kunatokea mapema, katika kurasa ambazo mwandishi mwingine angezifanya mwisho, kisha Slater anabaki na kazi ngumu zaidi: kueleza maisha ya mtu aliyepona.

Jambo la kwanza analoliona ni kwamba amefiwa. Ugonjwa ulikuwa umempa lugha, ratiba, na namna ya kujitambulisha kwa watu. Dawa ilipouondoa ilimwacha na saa nyingi tupu na mtu mgeni wa kuzijaza. Nilisoma sehemu hizo nikiwa kwenye daladala, nikafunga kitabu kwa muda, maana nilikumbuka wiki zangu za mwanzo mwaka 2018: nilikuwa naamka saa kumi na mbili nikiwa sina maumivu, na sijui pa kuyaweka macho.

Jambo la pili ni kwamba dawa inamchokea. Dalili zinarudi akiwa angali anaimeza, na tangu hapo haiamini tena kama mwanzo. Anaendelea nayo, lakini kama unavyoendelea kuishi na mwenzi aliyekudanganya mara moja. Jambo la tatu ni mwili. Slater anaandika waziwazi juu ya kupotea kwa hamu ya mapenzi, na halipunguzi kuwa mzaha wala halikuzi kuwa msiba. Anamwonyesha mwanamke anayempenda mwenzi wake na ambaye mwili wake haupokei habari hiyo. Kwetu jambo hili halisemwi hata kwa daktari. Nilikaa na dawa miaka minne kabla sijamtamkia daktari wangu, na nilipomtamkia aliandika kitu kwenye faili bila kuinua kichwa, akasema ni kawaida. Kweli ni kawaida: kupungua kwa hamu ni miongoni mwa madhara yanayojulikana sana ya dawa za kundi hili. Lakini kitu kikiwa cha kawaida hakijawa chepesi, na Slater ndiye mtu wa kwanza aliyenipa kurasa nzima za kuutazama uzito wake.

Hata hivyo lazima niseme lililonisumbua. Mwaka 2000, miaka miwili baada ya Prozac Diary, Slater alitoa kitabu kingine alichokiita Lying, yaani Kusema Uongo, kumbukumbu ambamo anasimulia kuishi na kifafa na papo hapo anamwambia msomaji kwamba huenda kifafa hicho hakikuwepo. Sisi tunaosoma jarida la maandishi ya kweli tuna haki ya kukasirika. Nilikasirika. Nilijiuliza: shahidi huyu, niliyemtegemea anieleze dawa inafanya nini kwa muda mrefu, ana kiapo gani?

Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba tatizo la Slater ni langu pia, tena bila uongo wowote. Nikitaka kupima kama dawa imenipunguzia hisia, ninapima kwa nini? Kwa hisia zilezile. Mfanyabiashara akishuku kwamba mizani yake imelegea hawezi kuipima kwa kuiweka juu ya mizani ileile. Mimi ninayesema "sijambo, endeleeni" ninaweza kuwa mtu aliyepona, au mtu aliyezoea kuhisi kidogo. Mimi ninayesema "nimekuwa jiwe, niacheni niache dawa" ninaweza kuwa mtu aliyeona ukweli, au sonona yenyewe inayobisha hodi kwa sauti yangu. Kutoka ndani, sauti hizo zinafanana.

Hapa ndipo Prozac Diary inaponiangusha. Ni kitabu cha mtu mmoja chumbani. Daktari, mwenzi, majirani, wote wanapita kama vivuli ili Slater aendelee kujitazama. Hatuambiwi wao waliona nini. Aliyeishi naye kabla ya dawa na baada yake angeweza kutuambia kama kicheko chake kilibadilika, kama alianza kujibu maswali polepole, kama alilia. Slater ana jicho kali ajabu, lakini ni jicho moja, na jicho hilo ndilo linalomeza dawa.

Andrew Solomon amelielewa hili vizuri zaidi. The Noonday Demon, kilichopata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2001, ni kitabu kinene, na mahali pengine kinachosha kwa wingi wa habari. Lakini ndani yake kuna watu. Kuna baba yake anayemkatia nyama mezani kama mtoto, kwa sababu mwanaume mzima ameshindwa kushika kisu. Solomon aliacha dawa akaanguka tena, na tunajua kwamba alianguka kwa sababu wengine walimwona. Alisafiri mpaka Senegal, akafanyiwa ndeup, tiba ya ngoma na damu ya mnyama ambayo kijiji kizima hushiriki. Mtu wa mwambao hahitaji kuelezwa sana: amekua akisikia ngoma za pepo. Solomon hasemi kwamba ngoma inashinda kidonge, wala anayemeza fluoksetini hapaswi kuibadilisha na ngoma. Anachokiona ni kwamba pale mgonjwa hakuachwa ajipime peke yake. Mizani ilikuwa mikononi mwa watu wengi.

Miaka ishirini baada ya Prozac Diary, mwaka 2018, Slater alirudi na Blue Dreams, historia ya dawa za akili kuanzia Thorazine na lithiamu mpaka majaribio ya siku hizi. Ninakiona kama masahihisho ya kitabu chake cha kwanza. Prozac ilishamwacha mkono, akahamia dawa nyingine zenye nguvu zaidi, na mwili ukalipa: uzito uliopanda, kisukari, na hisia kwamba amezeeka kabla ya wakati. Anauliza kwa nini dawa zilizojaribiwa kwa wiki chache humezwa kwa miongo. Anaichambua ile hadithi tuliyoambiwa sote kliniki, kwamba ubongo wako umepungukiwa serotonini na kidonge kinajazia, na anaonyesha jinsi ilivyosimama juu ya ushahidi mwembamba. Na baada ya yote hayo hatuambii tuache. Anasema bila dawa asingeweza kulea watoto wake wala kuandika. Wapo watakaoona huko ni kukosa msimamo. Mimi naona ndiyo sehemu ya ukweli kuliko zote, kwa sababu ameziweka pande mbili mezani bila kukanyaga upande wowote kwa mguu.

Lakini hata Blue Dreams hakikuwa na jibu la swali langu: nikiacha, nini kitatokea? Jibu la karibu zaidi nililikuta kwenye utafiti. Mwaka 2021 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu 478 waliokuwa wametumia dawa za sonona kwa muda mrefu, wengi wao kwa zaidi ya miaka miwili, na waliojisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu waliendelea. Nusu walipunguziwa taratibu na kubadilishiwa vidonge visivyo na dawa, bila mtu kujua yuko kundi lipi. Baada ya mwaka mmoja, sonona ilikuwa imewarudia watu 56 kati ya kila 100 walioacha. Kwa walioendelea, ni 39 kati ya kila 100.

Nilizisoma namba hizo mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa Slater. Anayetaka niendelee ataonyesha 56. Anayetaka niache ataonyesha wale 44 walioacha na hawakurudiwa, au atauliza dawa gani hii ambayo watu 39 wanaanguka wakiwa wanaimeza. Wote wana haki. Namba haziniambii mimi ni wa kundi gani. Zilichonifanyia ni kuniondolea vitisho viwili: kwamba nikiacha hakika nitaanguka, na kwamba nikiendelea hakika niko salama.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kumbukumbu hulipitia haraka mno na ambalo kijana anayefikiria kuacha anapaswa kulijua. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, hasira, kilio, ndoto kali, na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Mtu huyaona hayo akasema ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili unaodai dawa. Au husema ni mwili tu, kumbe ugonjwa umerudi. Baadhi ya dawa, kama paroksetini na venlafaksini, zina sifa mbaya zaidi katika hili. Fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo huaga polepole, lakini polepole hiyo nayo ina mtego: unaweza kuacha, ukajisikia vizuri mwezi mzima, ukatangaza ushindi, kumbe bado dawa inafanya kazi. Kupunguza ni safari ya miezi, na inataka daktari.

Na fasihi yetu? Nilirudi kwa Euphrase Kezilahabi, kwa sababu hakuna aliyeandika giza la akili kwa Kiswahili kama yeye. Rosa Mistika ilitoka 1971, Kichwamaji 1974. Rosa anajiua, na Kazimoto anajiua. Nilipovisoma shuleni nilifundishwa kutafuta ndani yake mgongano wa mila na usasa, na umo. Safari hii nilisoma kama mgonjwa, na nikaona ambacho mwalimu hakutuambia: hakuna anayewapeleka kwa daktari wa akili. Si kosa la Kezilahabi. Amitriptilini ilikuwa imeidhinishwa Marekani tangu 1961, na mpaka leo ni dawa inayopatikana kwenye hospitali zetu nyingi, lakini riwaya hizo zilikuwa na maswali mengine. Zinatufikisha ukingoni na kutuonyesha chini kulivyo. Ninachodai ni kwetu sisi tuliokuja baadaye. Mpaka leo, katika Kiswahili, ni rahisi kumpata mhusika aliyejiua kuliko mhusika aliyepona na anayehesabu vidonge vyake mwisho wa mwezi, akijiuliza kama mshahara utafika na kama atamwambia mchumba. Ni hadithi zetu pia. Mtu aliye ukingoni leo anastahili kusoma kwamba kuna upande wa pili, na kwamba upande huo una jasho la usiku.

Baada ya kusoma vyote hivyo nilifanya jambo ambalo Slater hakulifanya. Nilikwenda kwa shahidi mwingine. Nilikwenda Muheza likizo ya Pasaka, nikakaa na mama jikoni, nikamwomba anieleze mwaka 2018 kama alivyouona yeye. Hatukuwahi kuuzungumzia. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu mpaka nikadhani hatajibu.

"Ulikuwa unanuka," akasema.

Kisha akaendelea. Kwamba nilikuwa nalala na nguo nilizoshinda nazo. Kwamba alikuwa anaingia usiku kunisikiliza kama napumua, na bibi naye anaingia nyuma yake kumwangalia yeye. Kwamba nilikuwa nasema "niko sawa, mama" kabla hata hajauliza. Mimi sikuyakumbuka mengi ya hayo. Katika kumbukumbu zangu mwaka 2018 ni ukuta wa rangi moja.

Nikamuuliza kuhusu sasa. Je, nimebadilika? Alinitazama vizuri. "Umepoa," akasema. "Zamani ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Sasa unacheka ukiwa umesimama." Halafu, kama aliyeogopa kwamba amesema sana: "Lakini unacheka, mwanangu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na nikayapeleka kwa daktari. Safari hii aliinua kichwa. Tulikubaliana nishuke kutoka miligramu 40 hadi 20, nikae hapo miezi sita, halafu tutazame tena. Sijaacha, na sijui kama nitaacha. Kabla ya kuanza nilimpigia mama simu, nikamuuliza akiona nini atampigia daktari bila kuningoja mimi.

Hakufikiri sana. "Ukiacha kuoga. Ukianza kulala mchana. Na ukinijibu uko sawa kabla sijauliza."

Leo ni wiki ya tisa. Juzi mama alipiga simu, na nilimwacha amalize salamu zote, za nyumbani, za jirani, za mvua, mpaka alipouliza.